Fundi Spika na Mivuto Miwili

Sijui alizaliwa wapi wala mwaka gani, na katika miaka yote niliyomfahamu sikumsikia akitaja ukoo wake. Mtaa mzima wa Pasua, hapa Moshi, ulimwita Fundi Spika, na wengi wetu tulikata tukasema Fundi tu. Alikuwa na kibanda cha mabati kati ya muuza mkaa na mama mmoja aliyeshona sare za shule. Ndani, spika zilipangwa mpaka darini: za misikiti, za makanisa, za baa, za magari ya matangazo, zote midomo imepasuka, zinasubiri zamu. Ungetegemea kelele mle ndani, lakini kulikuwa kimya. Fundi hakupenda muziki. Kila spika aliyomaliza kuitengeneza aliijaribu kwa sauti yake mwenyewe. Alishika kipaza sauti, akasema "habari" mara moja, kwa upole, kama anayemsalimia mtu aliyetoka kuamka, kisha akaizima.

Mteja mpya hakuulizwa kwanza spika yake ina tatizo gani. Fundi aliweka msumari juu ya meza, akateremsha kipande cha sumaku kutoka juu taratibu, mpaka msumari ukaruka na kung'ang'ania.

"Huu msumari ulikuwa umelala hapa. Nani alikuwa anauvuta chini?"

"Dunia," mteja alijibu, kama alikumbuka ya shuleni.

"Dunia yote? Na huu mlima ukiwemo, na Kenya, na bahari?"

"Yote, Fundi."

"Na huku juu unavutwa na nini?"

"Na hicho kipande."

"Haya. Nani kashinda?"

Wengi walicheka, wakauliza spika yao itakuwa tayari lini. Wachache walibaki wanautazama ule msumari. Hao aliwapa kiti.

Mimi nilipewa kiti, ingawa siku hiyo sikuwa na hamu ya michezo ya misumari. Nilikuwa nimetoka kufiwa na ng'ombe.

Mimi ni bwana mifugo. Ndivyo kazi yenyewe inavyoitwa huku kwetu, hata anayeifanya akiwa mwanamke. Mama yangu anaishi Uru, huko mlimani, kwenye kihamba chetu, yaani shamba la migomba na kahawa lililoizunguka nyumba, na alikuwa na ng'ombe wa maziwa aitwaye Neema, mwenye mimba kubwa. Neema aliacha kula. Alisimama amekunja mgongo, viwiko amevitanua, na kila aliposhuka kwenda kwenye maji aliguna. Nilimtibu homa. Nilimtibu gesi ya tumbo. Siku ya sita alikufa mbele yangu, na jirani mchinjaji alipomfungua tulikuta waya, urefu wa kidole, umetoboa kutoka tumbo la pili hadi kwenye moyo.

Waya huo niliufahamu. Ulikuwa umebaki tulipofunga nguzo za banda jipya, banda nililomjengea mama mimi mwenyewe, na mabaki yake nikayaacha nyasini. Mama hakunilaumu. Alichukua ufagio akaanza kufagia pale Neema alipokuwa akilala, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

Mwenzangu mmoja wa kazini, mzee aliyekaribia kustaafu, aliniambia kwamba kwingineko ng'ombe humezeshwa sumaku laini isiyo na kona, ikakaa tumboni maisha yake yote na kukamata vyuma anavyovila. Nilizunguka maduka ya dawa za mifugo mjini Moshi, sikuipata. Ndipo yule mzee akaniambia, "Nenda Pasua kwa Fundi Spika. Ila uwe na muda."

Nilimweleza Fundi haja yangu. Hakunipa pole ya ng'ombe. Hiyo ilikuwa kasoro yake. Salamu na pole zilimpita kama hakuzisikia, akili yake ikishakamata kitu.

"Huo waya kwa nini ukae tumbo la pili? Kwa nini usipite moja kwa moja?"

"Ng'ombe anameza kwanza, kutafuna baadaye," nilimwambia. "Alichomeza kinaingia ndani, na vitu vizito vinaangukia kwenye mfuko wa chini, mbele, karibu na moyo. Ndiyo tumbo la pili. Ukuta wake una vijumba kama sega la nyuki. Msumari ukishaangukia mle, hautoki."

"Kwa hiyo anayeupeleka msumari pale ni dunia."

"Unaweza kusema hivyo."

"Na sumaku nayo ataipeleka nani mpaka pale pale?"

Sikuwa nimeliwaza hilo. Nilijua tu kwamba ingefika. "Dunia hiyo hiyo," nikasema.

Alipiga paja, akacheka peke yake. "Hawa wawili nimewapiganisha hapa mezani miaka yote! Kumbe ndani ya ng'ombe ni vibarua wa tajiri mmoja."

Nilidhani atanipa sumaku niondoke. Alikataa katakata mpaka aone tumbo lenyewe. Kesho yake asubuhi nilimkuta machinjioni kabla yangu, kanzu ameikunja magotini, kofia ameiweka mfukoni isichafuke. Alitumbukiza mkono mzima kwenye tumbo la pili la ng'ombe aliyechinjwa, akapapasa vile vijumba, akafumba macho. Wachinjaji walimwangalia wakaangaliana. Alipoutoa mkono alikuwa ameshika kokoto tatu, kifuniko cha soda na msumari mdogo wa bati. Aliwaonyesha kama mtu aliyeokota dhahabu.

Kurudi kibandani alichagua sumaku za spika za redio za zamani, zile zilizo nene kama kidole gumba na zisizo na tundu. Sumaku za kisasa, za duara kama kitumbua kilichotobolewa, alizikataa. Alisema zinavunjika kama sahani, na kipande chake ni kisu. Alisugua ncha za ile aliyoichagua kwa msasa siku mbili, akaipitisha shavuni mwake, akasugua tena. Alinipa na dira ndogo.

"Ukishammezesha, usiamini tu kwamba imefika. Pitisha dira kwenye mbavu zake, kushoto, nyuma ya kiwiko. Mshale ukigeuka, imefika."

Mama alikuwa amebakiwa na mtamba mmoja. Nilimmezesha sumaku, nikasubiri mpaka kesho yake, nikapitisha dira. Mshale uliacha kaskazini ukageukia ubavuni. Mama aliinama kuutazama. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitabasamu tangu Neema afe.

"Yaani sasa kaskazini ni huyu mtamba wangu?"

Habari zilienea kwa majirani, na kwa miaka kadhaa Fundi alitengeneza sumaku za ng'ombe wa Uru, wa Kibosho, wa Old Moshi. Mtamba wa mama alizaa, akazaa tena, akazeeka, na siku alipochinjwa nilisimama pale pale nikisubiri tumbo la pili. Sumaku ilitoka imeota manyoya: misumari, vipande vya waya, pini ya nywele, meno ya zipu. Niliifunga kwenye jani la mgomba nikampelekea Fundi. Aliigeuza mkononi muda mrefu sana. Sikuwahi kumwona akifurahi kimya namna ile.

"Ingekuwa dunia peke yake," alisema, "hivi vyote vingeendelea kushuka na kuchoma. Na ingekuwa sumaku peke yake, isingevipata. Mkono wake ni mfupi."

Hilo la mkono mfupi lilikuwa somo lake kuu, na alilirudia kwa yeyote aliyempa nafasi. Sumaku ikiwa karibu na msumari, dunia haina ujanja. Isogeze juu kidogo, msumari unatikisika tu. Isogeze shubiri moja, msumari umelala, hauna habari. "Lakini dunia," alisema akinyoosha kidole darini, "inaushika mwezi. Umeona mwezi ulipo? Ni dhaifu, haiwezi hata kuninyang'anya msumari mmoja, lakini haichoki njiani." Kisha alihesabu tofauti nyingine. Dunia huvuta kila kitu, chuma na unyoya na mchungaji na mwizi, lakini sumaku huchagua. Dunia huvuta tu, haijawahi kumsukuma mtu, wakati sumaku ukiigeuza inafukuza. Sumaku ukiigawa katikati ili upate upande mmoja tu, unapata sumaku mbili, kila moja na pande zake mbili. Aliwahi kuipiga moja kwa nyundo mpaka vipande vikawa kama punje za mchele, na bado kila punje ilikuwa na pande mbili. Tena sumaku unaweza kuipotosha njia kwa bamba la chuma. "Mvuto wa dunia nimejaribu kuuziba kwa bati, kwa mbao, kwa godoro la mke wangu. Haujali."

Hakuwa mtu wa kusoma sana. Alikuwa na vitabu viwili vya fizikia vya sekondari vilivyopoteza majalada, na kwenye Kiingereza kilichomshinda alimwita yule mama wa sare za shule, aliyekuwa amefika kidato cha nne. Lakini alitenganisha kwa ukali alichokisoma na alichokiona. Ukimweleza jambo, alikuuliza, "Umeona au umeambiwa?" Nilimwogopa kwa swali hilo. Naona mpaka leo nikijaza ripoti za kazini najiuliza hivyo.

Wiki moja kabla ya sikukuu, imamu wa msikiti wa jirani na mchungaji wa kanisa la kule juu walikutana kibandani, kila mmoja anafuata spika yake, na zote hazikuwa tayari. Nilikuwepo. Fundi alikuwa bingwa wa kuchelewesha kazi, na alijua kwamba wazee wale wawili wana kila haki ya kumkasirikia. Basi akachukua kipande cha bomba la shaba, urefu wa mkono.

"Shaba haishikwi na sumaku. Jaribuni."

Walijaribu. Sumaku iliteleza juu ya bomba bila kushika popote, kama kwenye ubao. Akadondosha kokoto ndani ya bomba; ilitokea chini papo hapo. Akadondosha sumaku. Haikutokea. Mchungaji aliinama, imamu akainama, vichwa vikakaribia kugongana, na ndipo sumaku ikachungulia chini taratibu na kudondoka kwenye kiganja cha Fundi.

"Umepaka gundi," mchungaji alisema.

Imamu alichungulia bombani mpaka mwisho. "Hakuna kitu. Rudia."

Alirudia mara nane. Aliwaeleza kwamba sumaku inapopita inaamsha umeme ndani ya shaba, na umeme huo unajifanya sumaku, unamshika mwenzake shati asianguke haraka.

"Basi kwa nini haumsimamishi kabisa?" imamu aliuliza.

"Akisimama, umeme unalala. Ukilala, hakuna wa kumshika, anaanguka. Akianguka, unaamka. Dunia ndiyo inayomvuta amwamshe mshikaji wake mwenyewe."

Waliondoka bila spika na bila kukumbuka kugomba, wakijadiliana njiani.

Na kuna siku alibishana na muuza duka wa jirani mpaka wakawekeana nadhiri ya kutosemeshana. Fundi alitaka kuazima mizani ya duka. Alisimamisha kijiti juu yake, akavalisha sumaku mbili za duara zinazofukuzana, ya juu ikaelea hewani bila kugusa ya chini. Muuza duka alisema mizani itasoma uzito wa sumaku moja, kwa sababu nyingine inaelea. Fundi alisema itasoma mbili. Ilisoma mbili. Muuza duka akadai mizani imeharibiwa na sumaku, na Fundi akaapa kwamba haijaharibika. Mimi nilikuwa mwamuzi, nikaweka kilo ya sukari iliyofungwa kiwandani, na mizani ikasema kilo. "Inayoelea haijaepuka dunia," Fundi alisema. "Imempa jirani yake wa chini mzigo wake aubebe." Muuza duka hakumsemesha kwa wiki tatu.

Lakini msidhani alikuwa mtu wa ukweli mtupu kama mizani hiyo. Siku moja alikuja mchuuzi kutoka Holili na bangili za sumaku, anadai zinatibu presha, sukari na maumivu ya viungo. Fundi alichukua bangili moja, akajaribu kuokotea pini. Haikuokota. Akamfukuza yule mchuuzi kwa maneno makali mbele ya watu, akamwita mwizi wa wagonjwa, mpaka nikamwonea huruma. Mwezi huo huo nilikwenda nyumbani kwake kumsalimia mkewe, aliyekuwa anateseka na magoti, nikamkuta amefungwa kitambaa gotini na ndani yake sumaku ya spika. Nilimgeukia Fundi.

"Shikamoo, Fundi. Hiki nacho umeona au umeambiwa?"

Alitazama pembeni. "Aliomba."

"Na inasaidia?"

"Nimeona amelala," alisema. "Usiku wa tatu huu. Zaidi ya hapo sijaona kitu." Kisha akaniomba nisimwambie mkewe habari za mchuuzi. Mke yule alifariki miaka miwili baadaye kwa maradhi mengine, na Fundi hakufungua kibanda kwa siku arobaini.

Aliporudi kazini akili yake ilihamia mlimani. Kila siku aliuona mlima kutoka mlangoni pake, mawingu yakiruhusu, lakini hakuwa amewahi kuupanda hata mpaka kwetu Uru. Aliniagiza mchanga wa mfongo, ule mfereji wa kienyeji unaoshusha maji mashambani. Nilimletea pakiti moja. Aliumwaga kwenye gazeti, akapitisha sumaku chini ya gazeti, na ndani ya mchanga zikajitenga punje nyeusi, zikasimama kama nywele za paka aliyeogopa.

"Mlima wenu una chuma cha sumaku," aliniambia. "Ulipokuwa moto ulikitapika. Peleka dira kwenye jiwe kubwa jeusi, uniambie ulichoona."

Nilikwenda korongoni nyuma ya kihamba, nikaiweka dira kwenye jabali moja baada ya jingine. Kwenye jabali la nne mshale ulihama, ukaacha kaskazini yake kwa robo nzima ya duara. Nilimpigia simu nikiwa pale pale, miguu ikiwa majini.

"Sasa sikiliza," alisema. "Mlima huo huo, kwa uzito wake tu, unavuta timazi. Fundi mwashi akining'iniza timazi hapa Moshi, ile kamba haishuki wima kabisa. Inaelekea mlimani, kidogo sana, chini ya unene wa unywele. Mlima mmoja, daktari, mivuto miwili. Mmoja unageuza dira, mwingine unageuza timazi."

"Umeona?"

"Wa kwanza umenionea wewe. Wa pili nimeusoma." Nilisikia anavuta pumzi. "Huo wa pili ningependa kuuona kabla sijafa. Hata kidogo."

Aliniita daktari siku zote ingawa nina diploma tu. Nilishaacha kumsahihisha.

Moyo wake ulianza kumsumbua muda si mrefu baada ya hapo. Alianguka kibandani, mama wa sare akamkuta chini kati ya spika. Moyo ulikuwa unapiga polepole mno, mara nyingine unasahau kabisa. Binti yake, mwalimu wa shule ya msingi anayeishi Soweto, mtaa mwingine wa hapa Moshi, alihangaika naye hospitali kwa hospitali mpaka wakamwekea betri ya moyo chini ya ngozi, juu ya ziwa la kushoto. Nilikwenda kumwona alipotoka. Nilimkuta barazani kwa binti yake, mikono mapajani, hana la kufanya. Sikuwahi kuiona mikono ile imetulia.

"Wameniambia nikae mbali na sumaku," alisema kabla sijaketi. "Si kwamba itaniua. Lakini ikija karibu na kifua, betri inaacha kusikiliza moyo, inapiga mdundo wake yenyewe. Daktari mwenyewe aliniwekea sumaku hapa ili kuipima. Nikasikia moyo wangu unabadili mwendo. Hivi." Alipiga kidole kwenye mkono wa kiti, taratibu, kisha haraka na sawasawa. "Nilimwomba arudie. Akakataa."

Daktari alimruhusu kufanya kazi mkono ukiwa umenyooshwa, lakini spika haitengenezwi hivyo. Spika inatengenezwa umeinamia, kifua juu yake. Binti alikifunga kibanda, na vitu vikaenda kwa mafundi wengine. Aliponieleza hayo hakulalamika. Alinitazama tu, kisha akasogeza kiti.

"Umebaki ule mvuto mwingine, daktari. Huo hawajanikataza."

Alikuwa ameshapanga. Kitu kilichofungwa kwenye uzi na kuachiwa kinabembea kwa sababu dunia inakivuta. Ukipanda juu, unakuwa mbali zaidi na kitovu cha dunia, mvuto unapungua kidogo, na bembea inakwenda polepole zaidi. Kidogo sana kwa jicho, lakini ukihesabu bembea nyingi, vile vidogo vinajumlishana. Alitaka tuhesabu Soweto, kisha tupande kwetu Uru tuhesabu tena. Timazi asingeweza kuiona ikiinama, lakini hili huenda angeliona.

Binti yake hakupenda. "Baba, una betri kifuani, unataka kwenda kuhesabu nini mlimani?" Mwishowe alikubali, akiniambia mlangoni, kwa sauti ya chini, "Dada, tangu atoke hospitali hajaniuliza swali hata moja. Mpeleke."

Tulifunga nati kubwa ya shaba kwenye uzi wa pamba, tukaupima urefu, tukauning'iniza kwenye boriti ya baraza. Tulihesabu bembea elfu moja, mimi nikiwa na saa ya simu, yeye na binti wakihesabu kwa zamu. Niliandika muda. Kesho yake tulikodi gari dogo tukapanda, uzi na nati kwenye mfuko wa plastiki mapajani mwake. Ilikuwa imenyesha usiku, ukungu umelala kwenye migomba. Mama alimkaribisha kwa uji wa moto na kumwita baba mkwe ili kumtania, naye kwa mara ya kwanza nikamsikia akijibu salamu zote mpaka mwisho. Tukauning'iniza uzi kwenye boriti ya banda la ng'ombe. Aliachia nati. Alihesabu midomo ikitikisika, macho hayabanduki. Mama alisimama mlangoni, akaanza kuhesabu naye kwa Kichagga, chini kwa chini. Ilipofika elfu nikabonyeza simu.

Niliangalia namba. Kisha nikaangalia ya jana.

Bembea ya Uru ilikuwa imekwenda haraka zaidi. Si polepole, haraka, na si kwa kidogo. Kinyume kabisa cha alichokitarajia.

Fundi hakuweza kusoma maandishi ya simu bila miwani, na miwani ilikuwa garini. Alikuwa ananitazama usoni. Mwendo wa saa nzima amesimama, amechoka, mkono ameuweka kwenye nguzo, na uso wake una tumaini nililoliogopa. Nilijua namba aliyoitaka. Ningeweza kuisema. Mama naye alikuwa ananitazama, na nadhani alielewa, maana aliinamisha macho.

"Sema, daktari."

"Imekwenda haraka zaidi," nikasema. "Juu ni haraka kuliko chini. Pole, Fundi."

Alisogea kwenye uzi, akaushika kwa vidole viwili, akaupapasa kutoka boritini kushuka mpaka kwenye nati, macho amefumba.

"Umelowa," alisema. "Uzi umelowa. Ukungu." Akafumbua macho. "Mama, una rula? Au futi ya kushonea?"

Mama alileta futi. Tulipima. Uzi uliokuwa umepimwa Soweto kabla ya kuning'inizwa ulikuwa umepungua zaidi ya upana wa kidole.

"Pamba ikilowa inajikunja," mama alisema. "Hata blauzi zangu."

"Na uzi mfupi unabembea haraka!" Fundi alicheka, akashika nguzo kwa mikono miwili, akacheka tena mpaka nikaogopa kwa ajili ya betri. "Hatujapima dunia. Tumepima ukungu wenu."

Alipotulia alinigeukia. Alisema kwa sauti ile aliyoitumia kujaribu spika, chini na polepole.

"Ulitaka kunidanganya."

Sikukana. "Nilitaka."

"Ungenidanganya, nisingeugusa uzi."

Kisha akamwuliza mama kama ana mshipi wa kuvulia, ule wa plastiki usionyonya maji. Mama alisema hapa mlimani nani anavua samaki, lakini kijana wa duka la chini huuza wa kutungia shanga. Nikasema tutarudi siku nyingine, binti anasubiri, na wewe Fundi umechoka. Hakuwa ananisikiliza. Alikuwa ameshatangulia kwenye njia ya migomba inayoshuka dukani, kanzu ameishika mkononi, na mama yangu anamfuata nyuma akimwonyesha pa kukanyaga asiteleze.